Mlango wa Nakshi, Choo cha Saruji

Kila anayekarabati nyumba kongwe mjini Lamu hupenda kukuonyesha mlango. Utaelezwa nakshi moja baada ya nyingine mpaka shingo ikuume. Ndani utaonyeshwa zidaka, zile safu za vishubaka vya ukutani, zimepakwa chokaa upya, nyeupe pe! Sawa, zinapendeza. Lakini nyumba haipimwi hapo. Ingia chooni kwanza, kisha panda jikoni. Huko ndiko utakakojua kama imetengenezwa au imepakwa poda tu.

Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na macho yetu yameganda kwenye kile anachokiona mpita njia. Chumba cha maji hakionekani mtaani, basi hicho kimeachiwa fundi yeyote mwenye mfuko wa saruji. Na saruji ndiyo inayoziua nyumba hizi, polepole, kutoka ndani.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Matumbawe hunywa maji. Chokaa nayo hupumua: unyevu ukiingia, hupata njia ya kutoka. Sasa njoo na plasta ya saruji na vigae kutoka sakafuni hadi darini. Unyevu unakosa pa kutokea. Unatambaa ndani kwa ndani pamoja na chumvi, hadi kwenye vichwa vya boriti za mikoko vilivyopachikwa ukutani, na boriti hizo ndizo zinazobeba sakafu na dari. Bomba lililofukiwa likivuja, chokaa ingekuonyesha doa mapema. Vigae vitakuficha mpaka boriti ioze. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuonya kwamba ukiuziba kwa saruji, ukuta utaujenga vilevile.

Eti choo cha zamani kilikuwa cha kishamba? Kilikuwa na birika la mawe, kata ya kuchotea, na samaki wadogo humo ndani wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yalitumika kwa kipimo. Choo cha kuvuta humwaga lita kadhaa kwa mkupuo mmoja, na shimo lake likikaribiana na kisima, jirani atakunywa ulichomwaga. Jiko nalo liliwekwa juu kabisa, kwenye kidari cha meko, ili moshi na joto viende na upepo. Waliojenga hivyo walikuwa na akili zao.

Wapo watakaonipigia makofi mpaka hapa: wapenzi wa mambo ya kale, wanaotaka jiko libaki vilevile, mafiga na vyungu, lipigwe picha. Hao nao wangoje kidogo. Nyumba kubwa za mawe zilikuwa za matajiri, na kazi nzito za humo, kupandisha maji ngazi zile zikiwemo, zilifanywa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Ndoo haikufutwa. Ilihamia kichwani kwa mke, kwa binti, kwa msichana wa kazi. Ukimwambia huyo apande ghorofa mbili na maji ili urithi usiguswe, ujue unachokilinda hapo ni ndoo.

Kwa hivyo anza na maji, mlango ungoje. Peleka mfereji juu, na sinki liwe kimo cha anayesimama hapo kila siku. Muulize yeye, usimuulize kaka mtu anayetuma pesa kutoka Nairobi. Bomba lipite nje ya ukuta, mahali unapoliona na kulifikia. Ukuta upigwe chokaa. Vigae, ukivitaka sana, viishie nyuma ya sinki na meko. Bafu la juu likae juu ya bafu la chini ili majitaka yashuke njia moja. Tangi usiliweke katikati ya dari: lita 1,000 za maji ni tani nzima, na boriti zile hazikupangwa kwa mzigo huo. Shimo la choo lipimwe umbali na visima, chako na cha jirani.

Najua jibu: chokaa inachelewa, na fundi anayeijua ni wa kutafutwa. Kweli kabisa. Lakini piga hesabu ya kubomoa vigae, kung'oa boriti zilizooza, na kuihamisha familia nzima kazi ikiendelea. Tena kila bafu linalopewa saruji ni kazi moja ambayo kijana hakujifunza kwa fundi wa chokaa, halafu tunashangaa mafundi wamekwenda wapi.

Wanaokagua nyumba hizi wasiishie barazani. Waingie ndani wakague bomba kama wanavyokagua nakshi. Na mwenye nyumba asiyejiweza, mara nyingi mjane au mrithi mmoja kati ya kumi, asiachiwe makatazo matupu. Apewe chokaa na fundi. Akinyimwa vyote viwili, atanunua saruji dukani, au atamuuzia nyumba mgeni mwenye pesa, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.