Karamu Isiizidi Kazi

Siku hizi hapa Magunga mtu akitaka kupalilia shamba lake, kwanza huuliza bei ya kibarua. Wazee hawakuanza hapo. Mjaluo aliita saga: alitangaza siku, majirani wakaja alfajiri na majembe, na jua lilipokuwa kali wakaacha kulima, wakala na kunywa kwake kwa nyimbo. Mkisii naye ana risaga, na majina hayo mawili ni kama ndugu. Basi ninyi wa skimu ya bonde la Lambwe, ambao wazee wenu walitoka pande mbalimbali, asiwepo wa kusema kwamba hii ni desturi ya kabila lingine.

Mjane mmoja alikuja ofisini kuuliza kama Serikali hutoa mkopo wa kulipa wapaliliaji. Nikamwambia, "Mama, mbona hukuita saga?" Akajibu, "Mwanangu, nitawapa nini? Hata unga wa ugali nanunua." Sikuwa na la kumjibu.

Kosa liko hapo. Mwenye fahali na mitungi ya busaa hupata watu tele, na mwenye shida hubaki peke yake na magugu.

Lakini Wajaluo wanayo na rika: watu sita au wanane hulimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Deni lake hulipwa kwa jembe, si kwa pombe. Naona hii ndiyo itufaayo wakati wa palizi. Saga tuiweke kwa mavuno, na ngoma yake. (Mimi sichukii ngoma, majirani zangu ni mashahidi.)

Tena shamba la mjane si shauri lake peke yake. Kayongo, gugu lile la maua ya zambarau linyonyalo mizizi ya mahindi na mtama, mche mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Upepo na maji ya mvua havijui mpaka wa shamba. Kwa hiyo zamu ianze penye kayongo isiyochanua bado, si kwa mwenyekiti. Na majembe yapanguswe udongo kabla ya kwenda kwa jirani wa pili.

Nilimwuliza yule mjane kama uji wa watu wanane ungemshinda. Akacheka, akasema waje hata kesho.