Acheni kuongezea data kwenye faili moja!

Wasomaji wangu, leo nina hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliandikia chama kimoja cha ushirika cha kahawa huku Nyeri programu (jina la chama naliweka kapuni). Kila jioni kilo zilizopimwa viwandani zililetwa ofisini, na usiku programu ikaziongezea mwishoni mwa faili ya msimu. Rahisi, sivyo? Usiku mmoja stima ikapotea kazi ikiwa katikati. Iliporudi, karani akaanzisha kazi upya. Waliokuwa wameshaingia wakaingia tena! Tuligundua baadaye, mzee mmoja alipokuja na risiti zake kuuliza mbona ana kilo nyingi kuliko alizoleta.

Mtasema: kilo hewa tu, nani kaumia? Sikieni. Chama hungoja mauzo, hutoa gharama, kisha hugawanya kinachobaki kwa jumla ya kilo. Tuseme zimebaki shilingi 8,000,000 kwa kilo 100,000: kila kilo ni shilingi 80. Ongeza kilo hewa 5,000, bei inashuka hadi 76.19. Mama wa Mukurweini aliyeleta kilo 1,000 amepoteza shilingi 3,810, na aliyemwibia ni faili yangu.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ilikuwepo kabla sijazaliwa. Wanayo watu wa meinfremu, wale tunaowacheka eti wamebaki na mashine zilizoanza na System/360 ya IBM mwaka 1964. Katika JCL, lugha ya kuagizia kazi zao za usiku, DISP=MOD hufanya nilichofanya mimi: rekodi mpya hufuata ya mwisho, na kazi ikianguka katikati, nusu hubaki humo humo. Kwa kumbukumbu za matukio, sawa. Kwa pesa za watu, hapana!

Ndiyo maana wana GDG, yaani faili za vizazi. Kazi ya leo husoma kizazi (0), kile cha jana, na kuandika kizazi kizima kipya, (+1). DISP=(NEW,CATLG,DELETE) husema: ukimaliza salama, kisajili; ukianguka, kifute. Cha jana hakiguswi. Kazi iliyoanguka irudie hata mara kumi. Diski itajaa? Weka kikomo, vizazi vikuukuu vijiondokee.

Wala huhitaji meinfremu. Kwenye PC yako andika faili mpya yenye tarehe, linganisha jumla ya kilo na risiti, ndipo uipe jina rasmi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema haba ile ile imiminwe mara mbili. Wewe unayeandikia chama cha akiba na mikopo Karatina, au kiwanda cha chai Othaya: kazi yako ikikatika saa nane usiku, utairudia bila kumuumiza mkulima? Kama hujui jibu, usiende kulala.