Mashine haimjui Kogo

Wasee, hii imenikera. Kogo wangu amechuma majani chai hapa Kericho tangu usichana wake, majani mawili na kichipukizi, mpaka alama za vidole zikafutika. Amepita miaka 70, kwa hivyo zile 2,000 za Inua Jamii kila mwezi ni haki yake. Juzi mashine ya wakala ikakataa kidole chake. Mara tatu! Nauli ya boda imeenda, amerudi mikono mitupu, na kesho atakopa unga.

Ati teknolojia ya kusaidia wazee wajitegemee? Kogo anajipikia, anakama ng'ombe wake, kabambe yake iko na chaji. Pesa iingie huko. Na mahali kidole kinagoma, chifu na Nyumba Kumi waweke sahihi, wanamjua. Wafanye hivyo sasa, si wakati wa kampeni.