Dawa ya kichwa, mafuta ya uso

Hapa Lubumbashi, mwanamke akishika mimba hachelewi kuisikia sentensi hii: «Usitiake dawa ku kichwa, uko na mimba.» Ataisikia kwa mama mkwe, kwa shangazi, kwa jirani wa lango la pili, na mara nyingine kwa msusi mwenyewe, ambaye anasema huku ameshika bakuli la rangi mkononi. Akiuliza sababu ataambiwa: «Ile dawa inaingiaka mu kichwa, inashuka ku mutoto.»

Nimechagua kuijadili sentensi hiyo katika jarida la kitivo cha lugha, si kwa waganga, kwa sababu naona nusu ya ubishi wake ni ubishi wa maneno. Nusu ya pili ni ya kemia, nami nitaigusa kadiri nilivyosoma. Msimamo wangu niutoe mapema ili msomaji asiutafute: mwanamke mwenye mimba anayetaka kutia nywele zake rangi aachwe atie, kwa uangalifu. Kuna mambo mengine ya kumkataza, na hayo hatumkatazi.

Tuanze na neno lenyewe. Dawa tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kitu cha kuponya. Katika Kiswahili halikukaa hapo. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya. Ya kwanza tunaiweka kinywani kila asubuhi, ya mwisho inaua. Majirani wa Kiswahili hapa kwetu wanafanya vivyo hivyo: umuti wa Kibemba ni mti na ni dawa, buanga la Ciluba linamhusu mganga wa hospitali na yule mwingine pia. Kwa hiyo mtu anapoita rangi ya nywele «dawa», hajasema ni nzuri wala mbaya. Amesema tu kwamba ni kitu chenye nguvu, kinachoweza kubadili mwili. Hofu inaanzia hapo, kabla hata boksi halijafunguliwa.

Hata hivyo lugha yenyewe ina njia ya kupunguza ukubwa wa neno hilo, nayo ni kile kiunganishi kidogo ambacho mwaka wa kwanza tunakipita haraka: dawa ya kunywa, dawa ya kupaka. Tofauti hiyo si ndogo. Huko Sudan madaktari wameandika kwa miaka mingi juu ya watu waliomeza PPD, kemikali ya rangi nyeusi ambayo wanawake huichanganya na hina: uso na koo vinavimba, figo zinashindwa, wengine wanakufa. Kemikali hiyo hiyo imo katika rangi nyingi za nywele zinazouzwa sokoni kwetu, na maelfu wanaipaka bila kuugua. Sheria ya Umoja wa Ulaya inairuhusu kwenye nywele isizidi asilimia 2, na inaikataza kupakwa kwenye ngozi kwa ajili ya michoro. Kitu ni kimoja. Njia na kipimo ni tofauti.

Neno la pili ni kichwa. Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi mwanamke anasuka kichwa, anatengeneza kichwa, anatia dawa ku kichwa. Nywele na kichwa vimekuwa kitu kimoja, na ninayempenda katika sarufi hii ni mama anayesema «kichwa yangu imeungua» akimaanisha nywele zimekatika. Lakini kwa swali letu mchanganyiko huo una gharama. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna damu. Hauwezi kupeleka kitu popote, si kwa mama, si kwa mtoto. Kinachoweza kupitisha ni ngozi ya kichwa, na hiyo nayo hupitisha kidogo sana, isipokuwa kama ina vidonda. Anayesema «inaingia mu kichwa» anafikiria ubongo na damu, wakati rangi inahangaika na unywele.

Sasa kemia, kwa ufupi. Rangi ya kudumu huja katika vichupa viwili. Kimoja kina amonia, au kitu cha jamii yake, pamoja na chembe ndogo zisizo na rangi, PPD ikiwa mashuhuri kati yake. Cha pili kina hidrojeni peroksidi. Vikichanganywa, amonia inafungua magamba ya unywele, chembe zinaingia ndani, peroksidi inaziunganisha, zinakuwa kubwa na zenye rangi, nazo haziwezi kutoka tena kwa kuoshwa. Kinachobaki juu ya ngozi kinaoshwa baada ya nusu saa hivi. Ndiyo maana huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, inawaambia wajawazito kwamba utafiti mwingi, ingawa si wa kutosha, unaonyesha kuwa si hatari kutia nywele rangi, na kwamba anayetaka kujihadhari zaidi angoje wiki 12 za kwanza zipite, wakati viungo vya mtoto vinajengwa. Ushauri wake mwingine ni wa jikoni kabisa: vaa glavu, fungua dirisha, usizidishe dakika, osha ngozi ya kichwa vizuri. Hina halisi ya majani haina shida. Ile inayoitwa «hina nyeusi» ina shida, kwa sababu weusi wake mara nyingi ni PPD tu.

Nitaongeza la kwetu. Usitie rangi siku ile ile uliyotia dawa ya kunyoosha, wala kichwa kikiwa kimeungua. Na jaribu tone moja nyuma ya sikio saa 48 kabla, hata kama ni rangi uliyoizoea, maana mwili wenye mimba unaweza kuikataa leo rangi uliyoivumilia mwaka jana.

Kwa anayeshinda saluni, hesabu ni nyingine. Mteja anakaa na rangi nusu saa, mara moja kwa miezi miwili. Msusi anakaa nayo kutoka saa mbili asubuhi hadi jioni, katika chumba chenye mlango mmoja, na glavu anazoziosha na kuzivaa tena mpaka zitoboke. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliandika mwaka 2010 kwamba kazi ya kusuka na kunyoa, kwa mtu anayeifanya kila siku, yaelekea kuleta saratani. Hiyo ni habari ya saratani, si ya mimba, lakini inaonyesha nani kati ya wawili hao anastahili huruma yetu. Bado sijasikia shangazi yeyote akimwambia msusi mwenye mimba aketi karibu na mlango.

Nirudi kwenye maneno, kwa sababu hapa ndipo ninapokasirika. Rangi ya nywele tunaiita dawa, nayo tunaiogopa. Krimu ya kung'arisha ngozi tunaiita mafuta. «Anajipakaa mafuta.» Sabuni yake ni sabuni. Mkorogo ni mkorogo, kama uji. Hakuna jina hata moja kati ya hayo linalotisha. Lakini krimu hizo zinapakwa mwili mzima, asubuhi na jioni, miezi tisa yote. Nyingi zina hidrokinoni, ambayo ngozi inaipokea kwa wingi, na baadhi zina zebaki. Shirika la afya duniani limeonya tangu zamani kwamba zebaki ya sabuni na krimu hizo inaharibu figo, na zebaki haisimami kwa mama, inavuka hadi kwa mtoto. Hali kadhalika pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito wetu wanautafuna na ambao wanauita udongo tu. Katika sampuli za udongo wa namna hiyo imekutwa risasi, hata wakubwa wa usalama wa chakula huko Uingereza wakawaonya wajawazito wasiule. Udongo, mafuta, sabuni: majina ya nyumbani, yasiyo na kosa. Jina limekuwa mlinzi wa lango, na mlinzi huyo anasimamisha mtu asiyestahili.

Kwa nini mwanafunzi wa isimu alichukue jambo hili moyoni? Kwa sababu ya jirani yetu mmoja. Mtoto wake wa pili alizaliwa na mdomo uliopasuka. Wanawake waliokuja kumwona walikaa, wakanywa maji, wakamtazama mtoto, halafu mmoja akasema polepole: «Ni ile dawa alitia ku kichwa.» Wengine wakaitika. Mama yule hakujibu. Tangu siku hiyo anafunga kitambaa, na mama mkwe wake akisimulia habari za mjukuu anaanza na nywele.

Hakuna aliyemuuliza baba swali lolote. Basi wasikilizeni watafiti wa mji huu huu. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha katika jarida la The Lancet Planetary Health utafiti walioufanya hapa kwetu. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana na watoto 108 wasio nazo. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine ni kazi ya baba katika madini: uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ulikuwa zaidi ya mara tano. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yetu. Kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema. Nasema swali lilikuwepo, na lilielekezwa kwa mtu mmoja tu, na kwa sehemu ya mwili wake isiyo na damu.

Najua mwalimu mmoja atanijibu kwamba mwiko hauhukumiwi kwa kemia. Mwiko unafundisha nyumba nzima kuitunza mimba. Ukiuondoa, unaondoa na utunzaji. Jibu hilo naliheshimu, na nimelitafakari. Lakini wazee wenyewe hawakumfunga mwanamke peke yake. Kwa Wabemba liko neno incila: uzinzi wa mume ulihesabiwa kuwa ungeweza kumdhuru mke na mtoto, naye alipaswa kujizuia kama mkewe. Bijila vya Kiluba navyo havikuwa vya mama peke yake. Sisi wa mjini tumezipokea nusu tu za miiko hiyo, nusu ya mwanamke, kisha tukaijaza kwa bidhaa za dukani. Kama tunataka mwiko, tuuchukue mzima. Baba avue nguo za machimbo nje ya nyumba na aziweke mbali na za mtoto.

Limebaki suala la karatasi. Maboksi ya rangi yanayotufikia yameandikwa Kifaransa na Kiingereza, mara nyingine Kiarabu au Kichina. Maonyo ambayo sheria ya Ulaya inayalazimisha yanataja mzio, macho, watoto wa chini ya miaka 16 na michoro ya hina nyeusi. Mimba haimo. Anayesoma anakuta kimya, na kimya hicho kila mtu anakijaza kwa alichosikia nyumbani. Kwenye kliniki ya wajawazito, CPN, mabango ni ya Kifaransa, au ni ya Kiswahili sanifu kinachosema «mjamzito aepuke vipodozi vyenye kemikali», sentensi ambayo mama wa Katuba hataielewa na ambayo, akiielewa, itamkataza hata sabuni ya kuogea.

Semina yetu ya tafsiri kila mwaka inatafsiri hotuba za marais. Mwaka huu naomba itafsiri karatasi moja, kwa Kiswahili kinachosemwa Katuba na Kenya, isomwe kwanza na wasusi wawili na mkunga mmoja kabla ya mwalimu kuisahihisha. Iseme «ngozi ya kichwa» mahali pa kichwa. Iite krimu ya zebaki sumu. Imtaje baba. Na iwe na ukubwa wa kubandikwa kwenye kioo cha saluni bila kumziba mteja uso.