Dawa ya Jirani Si Dawa Yako



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo jepesi machoni, lakini zito katika matokeo yake, nalo ni ada ya kupeana dawa majumbani. Mtu humwona mwenziwe moyo wamwenda mbio, au asikia kuwa ana presha, naye anavyo vidonge alivyoandikiwa na tabibu, basi kwa huruma humpa viwili na kumwambia, "Meza hivi, mimi vimenifaa." Nia ni njema, hapana shaka. Lakini nia njema haigeuzi tabia ya dawa.

Ili tufahamu sababu, na tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoumba miili yetu. Kila seli ya mwili ni mfano wa nyumba yenye kuta na milango. Katika dini yetu mgeni haingii nyumba ya watu mpaka apige hodi na kupewa ruhusa. Kadhalika homoni nyingi ziendazo katika damu haziingii ndani ya seli. Husimama mlangoni zikabisha hodi. Mlango huo wataalamu huuita kipokezi. Nyuma yake, upande wa ndani, yuko bawabu aitwaye protini ya G, ambaye hupeleka habari kwa walio ndani, nao wakafanya kazi iliyotakiwa.

Vipokezi vya namna hii katika mwili wa binadamu hupata aina 800, na karibu nusu yake ni vya kunusia harufu. Vingine hutuwezesha kuona gizani, vingine huongoza moyo, pumzi na tumbo. Yapata thuluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa Marekani hufanya kazi kwa kupitia milango hii. Wamarekani wawili, Robert Lefkowitz na Brian Kobilka, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2012 kwa kuichunguza.

Sasa tuje kwenye mradi wetu. Mtu akishtuka, mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini. Homoni hiyo hubisha hodi katika milango iitwayo beta. Iliyo mingi moyoni ni beta ya kwanza: ikigongwa, moyo hupiga kwa kasi na kwa nguvu. Iliyo katika mirija ya pumzi ni beta ya pili: ikigongwa, mirija hulegea na kupanuka. Hodi ni moja, lakini kila nyumba huitika kwa namna yake.

Katika miaka ya 1960 tabibu wa Kiskoti, James Black, alitengeneza propranololi, na mwaka 1988 naye akapata Tuzo ya Nobel. Dawa hii husimama mlangoni bila kubisha hodi, ikamzuia adrenalini asibishe. Moyo ukatulia, na presha ikashuka. Lakini propranololi haichagui mlango. Huziba wa moyo na wa pumzi pamoja. Kwa mwenye pumu, kuzibwa kwa beta ya pili huweza kuibana mirija hata akakosa pumzi, na huenda akafa. Zaidi ya hayo, dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamoli, hufanya kazi kwa kuugonga mlango huo huo. Mgonjwa huvuta dawa yake aliyoizoea, isimfae kama ilivyokuwa ikimfaa, kwa kuwa mlango una mtu. Ziko dawa za baadaye, kama atenololi na bisoprololi, ambazo huelekea zaidi moyoni. Lakini hata hizo hazimwachi mwenye pumu katika amani kamili pasipo shauri la tabibu.

Basi kidonge kile kile kilichomtuliza mzee huyu chaweza kumwangamiza kijana yule, na wote wawili wakaa nyumba moja.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa, na ametuonya pia kuwa ajitiaye utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, ni juu yake dhamana ya madhara atakayoyaleta. Na tulizingatie onyo hilo kila tufunguapo kabati la dawa.

Enyi wazazi, wekeni dawa za kila mtu mbali na za mwenziwe. Mwenye pumu na amwambie kila tabibu amwandikiaye dawa, hata kama hakuulizwa. Na aliyeandikiwa dawa ya moyo asiiache ghafula kwa kujiona amepona, maana moyo huweza kurejea kwa ukali zaidi. Na amwulize kwanza tabibu wake. Jirani akija kuomba kidonge, mpe nauli ya kwendea hospitali, au mfuatane naye. Huo ndio wema usio na majuto.

Wabillahi tawfiq.