Matembezi ya Wanafunzi si Anasa

Baadhi ya wazazi husema kuwapeleka watoto matembezi ni kupoteza fedha. Mimi sikubaliani nao. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tuzingatie mwisho wa waliotangulia. Kwa mwanafunzi wa Mbeya, Iringa inafikika kwa basi. Huko Kalenga limehifadhiwa fuvu la Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Isimila zipo zana za mawe za watu wa kale. Wa Iringa naye aje alione Ziwa Ngozi katika kreta ya volkano. Wazazi, changeni nauli, na mabinti wasiachwe nyumbani. Elimu ni faradhi kwao pia. Wabillahi tawfiq.