Shangingi Ndani ya Mkonga

Mpenzi msomaji, kila mwezi ukurasa huu unaongelea wivu, mahari, mawifi na simu zinazoita saa sita usiku. Mwezi huu tuongee injini. Usifunue ukurasa kwanza! Nimeshuhudia ndoa changa ikinuniana wiki tatu kwa sababu ya pampu ya dizeli, na ugomvi ule ulikuwa na maana kuliko mingi ninayoletewa hapa mezani.

Wahusika ni rafiki yangu na mumewe. Wote wameajiriwa, ila mwisho wa wiki wanakodisha maturubai, viti na jenereta kwenye harusi na sendofu. Gari yao ya kazi ni Land Cruiser pikapu ya mwaka 1995, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Nyuma inavuta trela. Kazi nyingi ziko Dar es Salaam, lakini zinazolipa vizuri ziko Morogoro na Iringa. Sasa injini ikaanza kutoa moshi wa bluu, kunywa oili na kupanda mlima kwa kujikongoja huku malori yakiipigia honi. Fundi akawaambia: injini imechoka, amueni.

Hapo ndipo kila mtu akashika upande wake. Mume alitaka injini ya shangingi, yaani ya Land Cruiser VX. "Shem, ile mashine inapanda Kitonga utadhani inashuka," akaniambia, macho yanang'aa. Mke alitaka injini ileile ifanyiwe ukarabati. "Ikizimika Ruaha Mbuyuni saa nane usiku, nani ataigusa hiyo ya kompyuta?" Na pesa ilikuwa moja tu: akiba ya kujengea msingi wa nyumba. Sasa hapo unaona kwa nini watu walikuwa hawasemezani.

Hebu tuwasikilize wote wawili, maana kila mmoja alikuwa na hoja.

Mkonga wa miaka ile unatumia injini iitwayo 1HZ. Ina silinda 6, ujazo wa lita 4.2, na haina tabo. Nguvu yake ya kuvuta ni kama nyutonimita 285. Dizeli inapulizwa kwanza kwenye chemba ndogo iliyo kwenye silinda hedi, inaanza kuwakia humo, kisha moto unatoka kwenda kusukuma pistoni. Pampu yake inaendeshwa na injini yenyewe, haihitaji kompyuta. Nozeli zinafunguka zenyewe shinikizo la dizeli likifika karibu bar 150. Ni teknolojia ya babu, lakini babu huyu anafahamika. Vipuri vyake utavikuta Gerezani, na fundi wa mji mdogo ameshaifungua zaidi ya mara moja.

Injini ya shangingi aliyoitaka mume ni 1HD-FTE, iliyoanza kufungwa kwenye VX za dizeli mwaka 1998. Nayo ni silinda 6, lita 4.2, ni ndugu wa tumbo moja na ile ya kwanza. Ila ndugu huyu amekwenda chuo. Ana tabo, ana valvu 24, na dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo joto kidogo linapotea na mafuta yanafanya kazi zaidi. Kwenye VX inafikisha nyutonimita 430. Kiasi cha dizeli kinapangwa na kompyuta inayosoma sensa kadhaa. Sensa moja ikidanganya, gari linakosa nguvu, na spana peke yake haitakuonyesha tatizo liko wapi.

Kuna na kundi la tatu ambalo fundi mmoja alilitaja, injini za komoni reli zilizoenea miaka ya 2000. Hizi zinahifadhi dizeli kwenye bomba moja la pamoja kwa shinikizo linalozidi bar 1,000, nyingine hadi 2,000, na umeme ndio unaoamuru kila nozeli ifunguke lini. Zinavuta vizuri, hazina kelele, zinabana mafuta. Lakini nafasi kati ya vyuma vyake ni nyembamba mno, na maji kidogo au uchafu kwenye dizeli vinaweza kuua seti nzima ya nozeli.

Nikiandika uchafu unajua ninachoongelea. Neno "kuchakachua" tulilizoea kwenye vituo vya mafuta kabla halijahamia kwenye siasa. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu, na mafuta ya taa hayalainishi vizuri kama dizeli, kwa hiyo mchanganyiko ule unasaga pampu taratibu huku wewe unadhani umekunywa mafuta ya bei poa. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Hata hivyo, dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara haina wa kuidhamini. Kama biashara yako inakufikisha huko, aina ya pampu ni jambo la kufikiria mara mbili.

Basi nikawauliza swali moja ambalo katika wiki tatu hakuna aliyemwuliza mwenzie: trela lenu lina uzito gani likijaa? Kimya. Mume akasema tani tatu na nusu. Mke akasema haifiki hata moja na nusu. Nikawaambia nendeni mizani mkapime, ndipo mrudi.

Wakapakia viti, vyuma vya maturubai na jenereta, wakaenda. Trela na mzigo wake: karibu tani mbili. Wakafungua na daftari la kazi: safari za mikoani zilikuwa moja kwa mwezi, kwa wastani. Karatasi mbili hizo zilifanya kazi ambayo maneno yalishindwa.

Kwa tani mbili na mlima mmoja kwa mwezi, 1HZ nzima inatosha, ila haitakwenda mbio. Ingekuwa tani tatu kila wiki, ningemuunga mkono shemeji bila kusita, kwa sababu injini ndogo inayokandamizwa muda wote inachemka, inakunywa na inakufa mapema. Hapo ubahili unageuka gharama. Na kwa anayetaka kuwa katikati, ipo 1HD-FT ya mwaka 1995 hadi 1998: ina tabo, inapuliza moja kwa moja, lakini pampu yake bado ni ya kizamani isiyotegemea kompyuta.

Mafundi pia walikuja na njia ya mkato: kuifunga 1HZ tabo ya mtumba na "kuifungulia pampu". Jihadhari. Kufungulia pampu ni kuongeza dizeli. Ikizidi hewa iliyopo inatoka kama moshi mweusi, na joto linapanda hadi silinda hedi inapasuka kwenye zile chemba ndogo. Anayetaka tabo kwenye injini hiyo aweke shinikizo dogo, afunge na geji ya joto la moshi, na asimwachie mtu anayepima kwa sikio.

Na wewe uliyeamua kubadilisha injini kabisa, nunua iliyo kamili: pampu, kompyuta, waya zake, sensa zake na pedali yake. Ukikosa kimoja utakitafuta mwaka mzima. Mwulize fundi kama klachi na gia boksi vitahimili nguvu mpya. Halafu usisahau kadi ya gari. Namba ya injini imeandikwa mle, kwa hiyo TRA na kampuni ya bima lazima wajue kabla trafiki hajakuuliza.

Wenzetu wakaamua hivi. Injini ya zamani ikafanyiwa ukarabati. Pampu na nozeli zikapelekwa kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, badala ya kusetiwa chini ya mwembe. Rejeta ikafumuliwa na kusafishwa, na themostati ikarudishwa. Mafundi wetu wanapenda kuitoa ati gari lisichemke, kumbe injini inayoendeshwa ikiwa baridi inachakaa haraka na inakula mafuta. Mkanda wa taimingi ukabadilishwa, na tarehe ikaandikwa. Chujio la dizeli linamwagwa maji kila wiki. Sehemu ya pesa iliyobaki ikafunga breki kwenye trela, kwa sababu tani mbili zisizo na breki zake zinakusukuma mteremkoni, na hapo hakuna injini itakayokuokoa.

Mke naye akatoa chake. Alikubali kwamba harusi ya Iringa ya Jumamosi, trela linaondoka Alhamisi, hata kama ni lazima aombe ruhusa kazini. Wakaandikiana pia: safari za mikoani zikifika nne kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, wananunua 1HD-FT, na mke hatasema neno. Msingi wa nyumba umeanza kuchimbwa. Shemeji bado anaguna akipitwa na basi Kitonga, lakini anaguna akiwa na mkewe pembeni anamenya machungwa.

Wapenzi wengi wanabishana kuhusu ukubwa wa injini kabla ya kupima mzigo. Tunagombania ukumbi kabla ya kuhesabu wageni, shule ya mtoto kabla ya kuhesabu mishahara. Mmoja anaogopa kudharauliwa barabarani, mwingine anaogopa kukwama gizani, na hofu zote mbili ni za kweli. Zipelekeni mizani pamoja, msome namba pamoja, ndipo mchague.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane, na msiendeshe usiku mkiwa mmenuniana.